Kutoka kipande hadi dirisha: maneno yaliyomfuata maskini kazini

"Dirisha limefunguliwa." Habari hiyo ikifika kijijini, akina mama wenye vitambulisho vya TASAF, mfuko wa serikali ya Tanzania wa kusaidia kaya maskini, huvitafuta usiku uleule, wengine wakavifunga kwenye pindo la khanga visisahaulike. Mgeni atakayekwenda asubuhi ofisi ya kijiji kulitafuta hilo dirisha hataliona. Atakuta meza, daftari, wino wa kuchovya kidole gumba, na foleni iliyoanza kabla jua halijapanda. Dirisha ni kipindi cha malipo, kwa kawaida ruzuku ya miezi miwili inayotoka kwa mkupuo. Neno limetoka kwenye makaratasi ya mradi, likazoeleka hadi bibi asiyejua kusoma analitaja kama anavyotaja masika na vuli.

Mlengwa, kaya, ruzuku, masharti, ajira za muda, kuhitimu: maneno ya mipango ya kuziinua kaya maskini na kuzipa kazi yanasikika kama yamezaliwa jana. Kumbe yana wazee wake, na wazee hao hawakuwa wapole. Kila mara serikali ilipotafuta jina jipya la kumwita mtu asiye na kitu, ilikuwa inajibu swali lilelile: huyu amekosa kazi, au amekataa kazi? Jibu ndilo lililoamua apewe nini: chakula, jembe au kiboko.

Mzee wa kwanza ni kipande. Enzi ya Mjerumani mashamba ya Tanga na Usambara yalihitaji watu, na kodi iliyotakiwa ilipwe kwa fedha iliwasukuma watu kuitafuta fedha hiyo mashambani. Kibarua alipewa kadi yenye nafasi 30. Kila siku ya kazi iliyokamilika ilitiwa alama, na mshahara ulilipwa kadi ilipojaa, hata kama mwezi wa kalenda ulikwisha zamani. Aliyeugua siku tano, kadi ilimsubiri. Aliyeshindwa kufikisha kiasi alichopangiwa, siku yake haikuhesabiwa ingawa jasho lilikwisha kumtoka. Mwingereza alipoingia baada ya Vita Kuu ya Kwanza aliuendeleza utaratibu huo. Wakenya nao walikuwa na kipande chao, cha kitambulisho, ambacho mwanamume alikivaa shingoni ndani ya kijisanduku cha chuma.

Kipande kilizaa manamba. Watu wa mbali, Waha wa Kigoma, Warundi, na wengine kutoka kusini na magharibi mwa nchi, walisajiliwa kwa mkataba, wakapewa namba, wakasafirishwa hadi kwenye mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo cha pamoja cha kuwatafuta, kilichojulikana kwa kifupi kama SILABU. Mkonge umepungua, lakini mpaka leo mtu akifanyishwa kazi ngumu kwa ujira mdogo husema, "Mimi si manamba wako." Huko mjini, kijana asiye na mwajiri aliitwa mhuni. Sasa neno hilo ni tusi la tabia. Kwa watawala wa Dar es Salaam wa miaka ya 1940 lilitosha kumpakiza mtu na kumrudisha kijijini kwao.

Uhuru ulikuja na neno lake, nalo lilikuwa la fahari. Chama cha TANU kilisema "Uhuru na Kazi", na watu wakajitolea kuchimba barabara na kujenga madarasa bila kulipwa. Mwaka 1962, katika kijitabu chake juu ya ujamaa, Mwalimu Nyerere alikumbusha methali ambayo kila mtoto wa nchi hii anaijua: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huikumbuka kwa jembe lake tu. Mimi naona uzito wake uko kwenye zile siku mbili. Mgeni anakula kwanza, bila kuulizwa kitu, na jembe anapewa na mwenyeji ambaye mwenyewe analima.

Azimio la Arusha, tamko la TANU la Februari 1967, lilikwenda mbali zaidi ya methali. Lilisema kwamba katika nchi ya ujamaa kila mtu mzima anaishi kwa jasho lake, kisha likataja wenye haki ya kutegemea wenzao: watoto wadogo, wazee wasiojiweza, walemavu, na wale ambao dola haijaweza kuwapatia nafasi ya kufanya kazi. Kundi hilo la nne ndilo ninaloomba msomaji alishike. Azimio halikumlaumu asiye na kazi. Liliandika wazi kwamba kukosa kazi kunaweza kuwa deni la dola.

Deni hilo halikudumu kwenye kumbukumbu. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kuwaondoa wasio na kazi Dar es Salaam, na mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, Bunge likapitisha sheria iliyokuja kujulikana kwa watu kama Nguvu Kazi. Uchumi ulikuwa taabani, vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, sukari na sabuni zilipatikana kwa foleni. Serikali iliona mikono inayozurura mjini wakati mashamba yanalala. Watu walitakiwa kuonyesha kitambulisho cha kazi. Asiyekuwa nacho alihesabiwa mzururaji, akakamatwa, akapelekwa kulima. Wauza karanga, washona viatu, akina mama wa maandazi, wote hao walikuwa wakifanya kazi tangu alfajiri, ila kazi yao haikuwa na karatasi. Wengi waliopelekwa shamba walirudi mjini, baadhi ndani ya siku chache.

Lililofuata linastahili kusimuliwa shuleni. Serikali iliyoshindwa kuwaondoa watu hao ilianza kuwapa leseni, na leseni hiyo ikaitwa nguvu kazi. Jina la msako likawa jina la kibali. Kwa miaka mingi baadaye, mwenye genge la nyanya alitundika leseni ya nguvu kazi ukutani pale ambapo zamani angekimbia akisikia neno hilo. Hakuna mwanasheria wala mtaalamu wa lugha aliyeligeuza. Waliligeuza wauza nyanya kwa kurudi kila walipoondolewa. Desemba 2018 Rais Magufuli alipogawa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, karatasi ile ilikuwa imerudi kwa sura nyingine.

Turudi nyuma kidogo. Tangu 1986 nchi ilifuata masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Viwanda vilipunguza watu, na hospitali na shule zikaanza kudai wananchi "wachangie gharama". Mitaani likavuma neno mlalahoi, mtu anayerudi nyumbani amechoka na bado hana kitu. Kati ya majina yote ya maskini tuliyowahi kuwa nayo, hili naona ndilo pekee ambalo maskini walijipa wenyewe, na ndilo pekee linalokiri kwamba wanafanya kazi.

TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ulianza mwaka 2000. Mwanzoni ulijenga madarasa, zahanati na visima, na penye njaa ulilipa watu kwa kazi za mikono. Hatua kubwa ilikuja mwaka 2010, pale ruzuku ya fedha taslimu yenye masharti ilipojaribiwa Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Wapo walioamini kwamba fedha mkononi mwa maskini itaishia kwenye pombe. Tathmini ilikuta bima ya afya ya jamii, viatu vya watoto na mifugo. Agosti 2012, mjini Dodoma, Rais Kikwete alizindua Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, uliokuja kufikia kaya zaidi ya milioni moja.

Tanzania haikuanza peke yake. Mexico ilifungua njia ya ruzuku yenye masharti mwaka 1997, Brazil ikaikuza mwaka 2003, na mwaka 2005 Ethiopia ikaanzisha mpango mkubwa wa kulipa maskini wa vijijini kwa kazi za umma, na India ikapitisha sheria ya mpango wa aina hiyo. Kilicho chetu ni maneno, na mengine yana mizizi inayopendeza. Kaya, ambalo kwa maofisa ni watu wanaokula chungu kimoja, kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya ni makazi ya mababu ndani ya msitu mtakatifu. Ruzuku na riziki zimetoka tumbo moja: Mungu humruzuku mja wake. Kunusuru ni kuokoa mtu aliyekwisha zidiwa. Pekee lililobaki na ubaridi ni mlengwa, kwa kuwa limetoka kwenye kulenga, na kinacholengwa hakiulizwi.

Katika awamu ya kwanza ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini ruzuku ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwezi kwa kaya, na iliongezeka kidogo kidogo kwa kuwa na watoto, kuwapeleka wadogo kliniki na wakubwa shuleni. Hapo ndipo neno masharti lilipopata meno: mtoto asipohudhuria, kiasi kilikatwa. Kazi ilikuja na jina la ajira za muda. Katika miezi ya uhaba, mtu mmoja mwenye nguvu katika kaya aliitwa kuchimba lambo, kupanda miti au kulima barabara kwa shilingi 2,300 kwa siku, siku 15 kwa mwezi, miezi minne. Piga hesabu: siku 60, shilingi 138,000 kwa mwaka mzima. Mama aliyebeba udongo kwa karai kichwani alisaini daftari la mahudhurio kila siku, kama babu yake alivyotiwa alama kwenye kipande. Lakini tofauti ipo, na si ndogo. Lambo analolichimba ni la kijiji chake, na ng'ombe watakaokunywa humo ni wa jirani zake.

Februari 2020 ilizinduliwa awamu ya pili, ikafika vijiji vyote. Ndani yake kaya ziligawanywa: zile zenye mtu wa kufanya kazi, ambazo zilitegemewa kushiriki ajira za muda, na zile zisizo na mwenye nguvu, zilizopewa ruzuku ya moja kwa moja. Soma tena orodha ya Azimio la Arusha: watoto, wazee, walemavu. Baada ya miaka 53 tulirudi karibu mahali palepale. Kundi la nne tu ndilo halikurudi, lile la mtu mwenye nguvu ambaye dola haijampatia kazi. Yeye alipewa siku 60 kwa mwaka, zilizobaki 305 ni zake na Mungu wake.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia kama hiyo kwa Kazi kwa Vijana mwaka 2009 na Kazi Mtaani wakati wa Korona. Marekani ndiko neno lilikobadilishwa kwa ukali zaidi. Tangu 1935 walikuwa na msaada wa serikali kwa watoto tegemezi. Agosti 1996 Rais Clinton alitia saini sheria iliyoubadili jina ukawa msaada wa muda kwa familia zenye uhitaji, na hilo neno "muda" likawekewa kikomo: miezi 60 katika maisha yote ya mtu mzima, kwa fedha za serikali kuu. Mzazi hutakiwa kufanya kazi au shughuli za kumtayarisha kwa kazi, asipotimiza fedha hukatwa. Familia za wakimbizi kutoka Kongo zinazozungumza Kiswahili zilikutana na maneno hayo mara zilipofika kule, yakitafsiriwa mezani kwa ofisa. Kwa Wamarekani sharti ni kazi. Kwetu sharti limekuwa kliniki na shule, na kazi ni malipo ya ziada. Naona tumechagua vizuri kuliko wao.

Ila kikomo nacho kimetufikia, kwa jina la kuhitimu. Neno hili lilianzia chuoni, mtoto anapomaliza msahafu, akafanyiwa sherehe, mwalimu akapewa chochote. Sasa kaya iliyopiga hatua "inahitimu" na kutoka kwenye mpango. Zipo zilizohitimu kwa haki, zenye mbuzi, kikundi cha kuweka akiba na kukopa, na paa la bati. Lakini wabunge wamesimama mara kadhaa kuuliza kuhusu kaya zilizotolewa zikiwa bado na shida, na kabla ya hapo, uhakiki ulipoziondoa zilizoitwa kaya hewa, malalamiko ya aina hiyo yalikuwapo. Anayehitimu chuoni anaijua sura aliyoishia. Mama anayekujua kuhitimu kwake siku jina lake lisiposomwa hajahitimu kitu, ameondolewa.

Ndugu mtendaji wa kijiji, nawe mjumbe wa kamati ya jamii unayeshika daftari: dirisha lijalo, majina yasomeni yote hadharani, ya wanaobaki na ya wanaotoka. Kwa kila anayetoka, semeni sababu, na mpeni nafasi ya kusimama na kujibu mbele ya mkutano kabla daftari halijafungwa.