Kumbukumbu ya pamoja na kanuni za kisima

Neno kumbukumbu limebebeshwa mizigo mingi. Katibu wa chama huandika kumbukumbu za mkutano, waliofiwa huandaa kumbukumbu ya marehemu wao, nasi tunaofundisha kompyuta hulitumia kutaja mahali ambapo programu huweka data inapokuwa kazini. Hapa Garissa mzigo ni mzito zaidi. Ukisema "kumbukumbu ya pamoja" bila kufafanua, watu hufikiria Aprili 2, 2015 na wale 148 waliouawa katika chuo kikuu chetu. Ndiposa baadhi ya wenzangu hupendelea kusema "hifadhi". Mimi nalikataa neno hilo. Hifadhi ni pa kuweka kitu kikae, kama diski. Hii ninayoizungumzia hutoweka umeme ukikatika, na umeme, wajua, hukatika.

Tuanzie mbali kidogo. Mfumo endeshi wa Unix uliijengea kila programu ukuta wake, isichungulie ya jirani. Huo ni usalama mzuri, ila zipo kazi zinazotaka programu kadhaa zitazame data ile ile kwa pamoja. Katika miaka ya 1970, wahandisi wa Bell Labs huko Columbus, Ohio, walikuwa na toleo lao la Unix kwa shughuli za mitandao ya simu. Wakabuni njia ya kuuomba mfumo utenge kipande kimoja cha kumbukumbu ambacho programu nyingi zingeweza kukisoma na kukiandika. Njia hiyo iliingia katika System V, iliyotolewa na AT&T mwaka 1983, na hadi leo Linux inaielewa.

Miito yenyewe kwa mfumo ni minne. Shmget huunda kipande au hutafuta kilichopo. Shmat hukiunganisha na programu, na shmdt hukiachia. Wanafunzi hushika hiyo mitatu upesi. Wa nne, shmctl, ndio wa utawala, na ndio huwatoa jasho mpaka niwapeleke kisimani.

Eneo hili ni la visima. Wajir inajulikana kwa visima vyake, na El Wak imebeba neno kisima katika jina lake lenyewe. Kwa Waborana, majirani zetu wa kaskazini, kisima kina aba konfi, yaani aliyekichimba au mrithi wake. Tena yupo aba herega, anayepanga zamu: mifugo ya nani inywe leo, ya nani isubiri. Haki ya kuchimba na kazi ya kupanga zamu ni mambo mawili.

Shmctl inamjua wa kwanza tu. Hutunza nambari ya muundaji, ambayo haibadiliki, na ya mwenyeji, ambayo yaweza kubadilishwa, pamoja na ruhusa za nani asome na nani aandike. Zamu haizijui kabisa. Chukua salio la shilingi 1,000 lililo katika kipande cha pamoja. Programu mbili zinalisoma kwa wakati mmoja, kila moja inatoa 300, kila moja inaandika 700. Zimetoka 600, salio linasema zimetoka 300. Zote mbili zilikuwa na ruhusa! Lililokosekana ni aba herega, na katika kompyuta kazi hiyo hufanywa na semafo, ambazo programu huziomba kwa miito mingine.

Kuna swali naulizwa kila mwaka: "Mwalimu, programu ikikufa, si kumbukumbu yake inaenda nayo?" Haiendi. Kipande cha pamoja hubaki baada ya aliyekiunda, mpaka mtu aamuru kiondolewe au mashine izimwe. Linux kwa kawaida huweka kikomo cha vipande 4,096, na programu zinazoanguka ovyo bila kusafisha huweza kuvimaliza, nyingine zikanyimwa.

Amri ya kuondoa huitwa IPC_RMID, na hukubaliwa ikitoka kwa muundaji, mwenyeji au msimamizi mkuu wa mfumo. Vitabu husema "hufuta". Kitenzi hicho kinapotosha, maana ukifuta ubao, maandishi yametoweka papo hapo. Amri hii hutia alama tu. Programu ambazo tayari zimeunganishwa huendelea kusoma na kuandika kama kawaida, na kipande huondoka pale ya mwisho inapokiachia. Mimi husema "kufukia", kwa kuwa mtu hafukii kisima huku ng'ombe wa mwenzake wangali wanakunywa.

Kabla ya kutoa amri hiyo, nawahimiza wanafunzi watumie kwanza IPC_STAT, inayoeleza hali ya kipande. Miongoni mwa inayoyaonyesha ni idadi ya programu ambazo bado zimekishika. Isipokuwa sifuri, kufukia kutasubiri, hata aliyeamuru awe nani.