Mkuyu na Mtini: Majina ya Miti ya Matunda katika Bustani za Babati

Kusudi la makala hii ni kuyachunguza majina ya miti ya matunda ambayo mtu hukutana nayo Babati, na hasa majina mawili, mkuyu na mtini, ili tuone majina hayo yaweza kutufundisha nini juu ya historia ya bustani za nchi hii. Mara nyingi mwanahistoria huyatazama majina ya mimea kama kazi ya mtaalamu wa mimea, na mtaalamu wa mimea naye humwachia mwanalugha. Matokeo yake ni kwamba ushahidi mwingi ulio wazi huachwa bila kutumiwa, na, lililo baya zaidi, kosa la jina hugeuka kuwa kosa la historia. Nitajaribu kuonyesha kwamba miti hii miwili ni ndugu wa ukoo mmoja, lakini mmoja ni mwenyeji na wa pili ni mgeni; na kwamba asiyezijua habari zao aweza kukosea katika kusoma hati za zamani, na pia katika kupanda.

1. Mahali penyewe

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara, mkoa uliotengwa na Mkoa wa Arusha mwaka 2002. Mji uko chini ya Mlima Kwaraa, karibu na Ziwa Babati, katika nchi iliyoinuka zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha tangu mwezi wa Novemba hata Mei, na miezi inayofuata ni ya ukavu. Mazao makubwa ya mashamba ni mahindi na mbaazi. Matunda hupandwa zaidi karibu na nyumba, mahali ambapo maji ya kunawia na kuoshea vyombo yaweza kumwagwa shinani.

Kwa mwanalugha, Babati ni mahali pa thamani kubwa. Wagorowa husema lugha ya Kikushi cha kusini, iliyo jamaa ya karibu ya Kiiraqw; Wabarabaig husema lugha ya Kinailoti; Warangi husema lugha ya Kibantu; na Kiswahili huwaunganisha wote. Barabara kuu ya Arusha na Dodoma, iliyokuwa zamani sehemu ya njia ndefu ya kwenda kusini mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ilileta wafanya biashara, watumishi wa serikali na walimu wa dini, na pamoja nao mbegu na miche. Basi bustani ya Babati ni mkusanyiko wa mambo yaliyotoka mbali kwa nyakati mbalimbali.

2. Mkuyu, mti wa nyumbani

Tuanze na mwenyeji. Mkuyu, ambao wataalamu huuita Ficus sycomorus, ni mti mkubwa upendao kingo za mito na maziwa. Matunda yake, makuyu, huota kwa vichala juu ya shina na matawi manene, nayo huliwa na watu, ndege, nyani na popo. Wataalamu wa lugha za Kibantu wamelirudisha shina -kuyu mpaka kwenye lugha mama ya Kibantu. Maana yake ni kwamba jina hili halikuazimwa kutoka kwa mgeni yeyote: wasemaji walikuwa nalo kabla ya lugha zetu kuachana. Wagikuyu wa Kenya husimuliwa kuwa wamepata jina lao kwa mti huu. Na msafiri atokaye Arusha kwenda Babati hupita Makuyuni, ambako njia ya Mto wa Mbu na Karatu huchepuka. Jina la mahali hapo lajieleza lenyewe.

Ushahidi wa pili wa uenyeji wa mkuyu hautoki katika lugha, bali katika mdudu. Ua la mkuyu halionekani kwa nje. Maua yamefichwa ndani ya tunda lenyewe, wala hayawezi kupata chavua ila kwa nyigu mdogo sana aingiaye kwa tundu la nchani, akataga mayai yake na kuyachavusha maua. Kila aina ya mti wa ukoo huu kwa kawaida ina nyigu wake. Mwaka 1968 wataalamu wawili, Galil na Eisikowitch, walichapisha uchunguzi wao juu ya jambo hili katika Afrika ya Mashariki, wakaonyesha kwamba huku mkuyu una nyigu wake halisi na hutoa mbegu nzima.

Katika Misri hali ni nyingine. Huko mkuyu umepandwa tangu zama za Mafarao, walakini nyigu achavushaye hayupo. Mti hauwezi kuzaa mbegu, na watu huuendeleza kwa kupanda vipande vya matawi. Ili matunda yaive vema, Wamisri wa kale waliyachanja kwa kisu yangali mabichi. Makuyu yenye alama ya mchanjo yameonekana katika makaburi yao, na Theophrastus, mwanachuoni wa Kiyunani, aliandika habari za desturi hiyo zaidi ya miaka 2,200 iliyopita. Basi mti ambao Misri iliupamba makaburini ulikuwa huko mgeni aliyemwacha mtumishi wake nyumbani. Nyumbani kwake ni huku kwetu.

3. Mtini, mti wa vitabu

Mtini, yaani Ficus carica, asili yake ni nchi za Asia ya Magharibi na pwani za Bahari ya Kati. Mwaka 2006 watafiti watatu, Kislev, Hartmann na Bar-Yosef, walitangaza kwamba tini kavu zilizopatikana Gilgal, katika bonde la Yordani, zina umri wa miaka 11,400 hivi, nao wakadai kwamba zilitokana na miti iliyopandwa na mikono ya watu. Wako waliowapinga juu ya dai hilo. Lakini hapana anayepinga kwamba mtini ni miongoni mwa miti ya kwanza kutunzwa na binadamu.

Jina lake katika Kiswahili latokana na neno la Kiarabu tin, likapewa kiambishi cha ngeli ya miti. Twaliona katika vitabu vya dini zote mbili kubwa. Sura ya 95 ya Kurani yaitwa kwa jina la tunda hili. Na katika Biblia mtini watajwa tangu habari za bustani ya Edeni. Kwa maoni yangu, hapo ndipo historia ya neno hili katika nchi za bara ilipo. Watu wengi wa bara walilijua jina la mtini kwa kusikia yakisomwa maandiko, msikitini au kanisani, pasipo kuuona mti wala kuonja tunda. Mkuyu walikuwa nao mtoni. Mtini walikuwa nao kitabuni. Mche ulipofika, jina lilikuwa limekwisha kuutangulia.

Hapa yafaa kuwasifu wafasiri. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotolewa mwaka 1952, mti alioupanda Zakayo kule Yeriko ni mkuyu, wala si mtini. Tafsiri hiyo ni sahihi kabisa, maana mti wa Yeriko ni Ficus sycomorus yule yule wa kandokando ya mito yetu. Mwingereza asomaye habari hiyo aweza kufikiri mti mwingine wa kwao wenye jina linalofanana. Mswahili hana shaka hiyo.

4. Tini ambazo hazikuwa tini

Sasa nije kwenye kosa la historia nililolitaja mwanzoni. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika habari za pwani yetu katika miaka ya 1510 na kitu, alieleza kwamba Mombasa ina machungwa matamu na machungu, malimau, makomamanga na tini za Kihindi. Msomaji wa haraka aweza kusema kwamba mtini ulikuwa ukistawi Mombasa wakati ule. Lakini Wareno wa siku hizo waliita ndizi kwa jina hilo la tini za Kihindi. Alichokiona Barbosa ni migomba. Jambo hili lakubaliana na habari za Ibn Battuta, aliyefika Mombasa mwaka 1331, ambaye alitaja ndizi na malimau katika matunda ya kisiwa hicho, wala hakutaja tini.

Kwa hiyo, atakayetaka kuandika historia ya mtini katika Afrika ya Mashariki hana budi kuipima kila hati kwa lugha ya mwandishi wake. Neno moja likifasiriwa bila uangalifu, laweza kuupanda mti mahali ambapo haukuota.

5. Matabaka ya majina

Majina ya matunda mengine ya bustani hujipanga kama matabaka ya udongo. Embe na fenesi yametokana na lugha za Bara Hindi. Tena maembe yalikuwako Mogadishu mwaka 1331, kwa ushuhuda wa Ibn Battuta yule yule. Ndimu ni jina lililokuja kwa njia ya Waajemi na Waarabu. Limau, lililo jamaa yake, laonekana kuwa lilipita kinywani mwa Wareno. Komamanga lataja Manga, jina la zamani la pwani kwa nchi za Arabuni. Papai, nanasi na pera ni matunda yaliyotoka Amerika, yakaletwa na Wareno pamoja na majina. Na pera kwao halikuwa jina la tunda hili hata kidogo, bali la tunda jingine la Ulaya. Stafeli nalo ni tunda la Amerika, lakini jina lake ni la Kihindi, maana yake tunda la Sita. Twaona basi kwamba jina halionyeshi daima mti ulikotoka. Laonyesha mkono ulioutoa.

Mtu wa Babati aliye na mpapai, mpera, mwembe na mgomba nyuma ya nyumba yake anayo, pasipo kujua, kumbukumbu ya safari za bahari tatu.

6. Faida kwa mpandaji

Huenda msomaji akauliza kama habari hizi zina faida nje ya maktaba. Zinayo. Mtini waweza kustahimili kiangazi cha Babati, hasa ukipandwa penye jua, katika udongo usiotuamisha maji. Lakini mtu akinunua tini kavu dukani na kuziatika mbegu zake, yaelekea atavunjika moyo. Tini nyingi za biashara zitokazo Uturuki ni za aina ya Smyrna, ambayo haizai pasipo nyigu wa mtini. Na miche itokanayo na mbegu, mingine huwa ya kiume isiyotoa tunda la kula. Wakulima wa Kalifornia walijifunza jambo hili kwa gharama. Walipanda miti ya Smyrna katika miaka ya 1880, ikamea vizuri na kuangusha matunda machanga kila mwaka, mpaka nyigu wake alipoletwa na kukaa huko mwaka 1899.

Dawa yake ni rahisi: kupanda kipande cha tawi lililokomaa, lenye urefu wa shubiri moja na zaidi, kilichokatwa kwenye mti wa aina izaayo bila kuchavushwa. Ndiyo njia ile ile waliyoitumia Wamisri kwa mkuyu wao. Mti ulio mbali na nyigu wake huendelezwa kwa mkono wa mtu tu.

7. Hatima

Imebaki kazi ya kufanywa, nayo ina haraka. Katika Wilaya ya Babati vijiji vinavyouzunguka msitu wa Duru-Haitemba vilianza kuulinda wenyewe katika miaka ya 1990, na mfano wao umejulikana mbali. Walakini kulinda miti si kulinda majina yake. Kiiraqw kimepata sarufi ya Maarten Mous ya mwaka 1993, na Kigorowa kimechunguzwa na Andrew Harvey katika tasnifu yake ya mwaka 2018. Hiyo ni misingi imara. Juu yake pahitajika orodha kamili ya miti na matunda kwa Kigorowa, Kirangi, Kibarabaig na Kiswahili cha mahali, pamoja na matumizi, mahali iotapo na miiko yake. Orodha hiyo lazima iandikwe kutoka vinywani mwa wazee waliowahi kula makuyu utotoni, kwa kuwa watoto wa mjini humjua Zakayo, lakini wengi wao hawawezi kuuonyesha mti aliopanda, ingawa umesimama kando ya ziwa lao wenyewe.

Mtini utajitunza, maana vitabu vinaukumbuka. Mkuyu hauna kitabu chake. Ukikatwa na jina lake likasahauliwa katika lugha za mahali, hapatakuwa na hati ya Mreno wala ya Mwarabu ya kuturudishia habari zake.