Mkonge, Miwa na Wana wa Manamba

Katika tarehe ya kilimo cha mwambao wetu, ni nadra kuona mahali palipokutana rasilmali ya wageni na jasho la wageni kama Tanga na Kwale, nchi mbili za ujirani na udugu, ambazo Wajerumani na Waingereza walizitenga mwaka 1886 kwa mstari ulioanzia kwenye mlango wa mto Umba, pasipo kumshauri Mdigo hata mmoja.

Mkonge wenyewe ulikuja kwa bahari. Mwaka 1893, Dakta Richard Hindorf, mtaalamu wa kampuni ya Kijerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na katika hiyo 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Walakini kutokana na mabaki hayo machache yakazaliwa mashamba yaliyoifuata reli hata Korogwe na kupindukia, ambayo baada ya vita vya 1914–1918 yalitwaliwa na Waingereza, yakauzwa kwa Wagiriki, Wahindi na wengineo.

Ardhi ilipatikana, mikono ikakosekana, kwa kuwa Wabondei, Wasambaa na Wadigo walikuwa na mihogo na minazi yao, wala hawakuona faida ya kuiacha ili wakakate majani yenye miiba kwa ijara hafifu. Ndipo walipotafutwa vibarua wa mkataba, walioitwa manamba, kutoka bara ya mbali, Burundi, Rwanda na Msumbiji, wakafungwa kwa kipande, yaani kadi ya kazi ya siku 30, ambamo siku isiyotimizwa kazi yake haikuandikwa, hata mwezi wa mshahara ukawa mrefu kuliko mwezi wa mbinguni. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda SILABU, idara yao ya kuandikisha na kusafirisha watu. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo Wamakonde, waliovuka Ruvuma wakikimbia kazi za shuruti za Wareno. Wengine wao walipita Tanga, wakavuka mpaka hadi Kwale, wakafanya kazi katika mashamba ya mkonge na ya miwa ya Ramisi.

Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, ikiwa ya kwanza duniani. Kisha nyuzi za viwandani zikaushusha bei, mwaka 1967 mashamba mengi yakataifishwa, na kiwanda cha sukari cha Ramisi nacho kikafungwa katika miaka ya 1980. Rasilmali, ambayo haina kwao, ilikwenda penye faida. Waliobaki ni wale waliokwisha kuzika wazazi wao pale na kuzaa watoto wao pale. Hata hivyo, Wamakonde wa Kwale waliishi vizazi kadhaa bila kitambulisho, hawawezi kupiga kura wala kumiliki ardhi kwa hati, mpaka Oktoba 2016 walipokwenda kwa miguu kuelekea Nairobi kudai uraia, na Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wapewe.

Nionavyo mimi, deni hilo lilichelewa mno kulipwa. Serikali inayomkaribisha tajiri wa kigeni alime mpakani humwandikia mkataba wa miaka mingi kabla hajapanda mche mmoja. Basi insafu yataka siku hiyo hiyo iandikwe pia hadhi ya mfanyakazi atakayeitwa kutoka mbali, na ya watoto atakaowazaa, maana hao ndio watakaoishi na ardhi ile hata tajiri akishaondoka.