Waya wa Commodore 64 na Kasi Yake

Kompyuta ya Commodore 64, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1982 na kuingia katika mamilioni ya nyumba, ilisifika kwa sauti na picha zake, lakini aliyeiunganisha na kiendeshi cha diski cha 1541 alilazimika kusubiri sana, kwa kuwa data ilipita kwenye waya kwa kasi ya baiti 400 hivi tu kwa sekunde, baiti moja ikiwa ni nafasi ya kutosha herufi moja. Chanzo cha kasi hiyo ndogo kilikuwa maamuzi yaliyofanywa kabla kompyuta hiyo haijabuniwa.

Kompyuta ya PET, iliyotolewa na kampuni hiyohiyo ya Commodore mwaka 1977, iliwasiliana na vifaa vyake kwa mfumo wa IEEE-488, uliobuniwa na Hewlett-Packard kwa ajili ya vyombo vya upimaji, ambao ulipitisha biti nane, yaani baiti nzima, kwa mkupuo mmoja kupitia kebo nene ya bei ghali. Kompyuta nyingine ya kampuni hiyo, VIC-20, ilipokusudiwa kuuzwa kwa bei nafuu, mfumo huo uliachwa, biti zikawa zinapita moja baada ya nyingine katika kebo nyembamba yenye plagi ya duara ya pini sita, uzi mmoja ukibeba biti na mwingine ukitoa ishara ya wakati. Kazi hiyo ilikuwa ifanywe na chipu ya 6522, lakini sehemu yake ya kupokea biti ilikuwa na kasoro, hivyo prosesa yenyewe, ambayo ndiyo inayotekeleza maagizo yote ya kompyuta, ikabebeshwa mzigo wa kushughulikia kila biti. Commodore 64 ilikuwa na chipu isiyo na kasoro hiyo, ila iliendelea na utaratibu wa zamani ili ipatane na vifaa vya VIC-20, na kwa kuwa chipu yake ya picha iliisimamisha prosesa mara kwa mara, mwendo ulizidi kupungua.

Hata hivyo, muundo huo ulikuwa na ubora ambao haustahili kusahauliwa. Kila kifaa kilikuwa na namba yake, kwa kawaida printa 4 na kiendeshi 8, na kimoja kiliunganishwa nyuma ya kingine bila kompyuta kuhitaji tundu la ziada. Zaidi ya hayo, 1541 yenyewe ilikuwa kompyuta, yenye prosesa ya 6502 na kumbukumbu ya kilobaiti 2, kwa hiyo waandishi wa programu waliweza kuipelekea maagizo mapya kupitia kebo ileile na kuifanya itume data kwa haraka zaidi. Katriji ya Epyx Fast Load ya mwaka 1984 ilifanya hivyo bila kubadilisha hata uzi mmoja, na mwaka uliofuata Commodore wenyewe wakatoa Commodore 128 na kiendeshi cha 1571, ambavyo hatimaye viliwasiliana kwa kasi inayostahili.