Ratili, Sado na Pointi

Ukifika sokoni Nkome, kando ya Ziwa Viktoria, dagaa wanapimwa kwa sado. Jina lenyewe limetokana na kopo la rangi ya Sadolin, la lita 4. Mtoto anayetumwa pale anajua vizuri tu kwamba sado 5 zinajaza ndoo ya lita 20. Mwulize darasani lita 20 ni mililita ngapi, anakodoa macho. Kumbe hesabu anayo, ila hakuna aliyemwambia kwamba ni hiyohiyo.

Wazee wa kanda hii walijifunza vipimo kwa uchungu. Enzi za mkoloni pamba ilipimwa kwa ratili, na mizani ilikuwa ya mnunuzi. Mkulima ambaye hakuweza kusoma sindano angebisha na nani? Ratili 1 ni kama gramu 454. Basi aliyepunjwa ratili 5 kwenye mzigo mmoja alipoteza zaidi ya kilo 2 na robo, pasipo bunduki wala panga. Zidisha kwa msimu mzima, ndugu msomaji, uone jasho linavyoyeyuka.

Ndipo mwanzoni mwa miaka ya 1950, huko Mwanza na Ukerewe, Waafrika wakaanza kupima pamba kwa mizani yao wenyewe kabla haijamfikia mnunuzi. Kutokana na mizani hiyo vikazaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho lao la Victoria, chini ya Paul Bomani. Kijana huyo baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha. Mimi sishangai hata kidogo.

Ratili ilikwisha, ikaja kilo. Debe la zamani la mafuta ya taa, galoni 4, lilikuwa lita 18 na kidogo, si 20. Mpe mwanao sado, mwache amwagie maji debe kuukuu kama hilo, aone mwenyewe sado ya tano inavyofurika.

Halafu mpeleke kwenye dhahabu, maana Geita haikwepeki. Wachimbaji wadogo wanahesabu pointi, 10 kwa gramu 1. Bei ya dunia lakini inatangazwa kwa wakia, na wakia ya dhahabu ni gramu 31.1, wakati wakia ya kawaida ni 28.35. Atakayegawa kwa 28.35 atapata bei ya gramu iliyo juu kuliko ya kweli, agombane na mnunuzi mchana kutwa, na siku hiyo mnunuzi ndiye mwenye haki.