Dabolim: Uwanja wa Wanamaji na Watalii

Mwaka 1955 India iliikaba Goa kooni. Reli iliyounganisha bandari ya Mormugao na bara ilikatwa, mipaka ikabanwa, na koloni lililokuwa mikononi mwa Wareno tangu 1510 likabaki kutegemea bahari. Lisbon ikaamua kutumia anga. Kwenye uwanda wa Dabolim, jirani na mji wa Vasco da Gama, ulijengwa uwanja wa ndege uliopewa jina la gavana Paulo Bénard Guedes. Likaanzishwa pia shirika dogo la ndege, TAIP, lililosafirisha watu kwenda Daman, Diu na Karachi.

Anayekerwa leo na wanajeshi katika uwanja wa watalii akumbuke mwanzo huo. Dabolim haukujengwa kwa ajili ya mapumziko ya ufukweni.

Tarehe 18 Desemba 1961, India ilipoivamia Goa, ndege 12 za Canberra za Jeshi la Anga la India ziliishambulia njia ya kurukia, kisha likaja wimbi la pili. Jengo la abiria na mnara wa kuongozea ndege viliachwa vizima. Usiku huo ndege mbili za abiria zilizokuwa zimekwama pale, mojawapo ikiwa Super Constellation, zilithubutu kuruka kwenye kipande cha njia kilichosalia. Zilitua Karachi salama. Kesho yake Wareno wakasalimu amri.

Vita vilipokwisha, wanamaji wa India wakaingia na hawakutoka tena. Mwaka 1964 kituo chao cha INS Hansa kilihamishiwa Dabolim kutoka eneo la Coimbatore, kwa sababu iliyo wazi: India ilikuwa na manowari ya kubeba ndege, Vikrant, na ndege zake zilihitaji makao ya nchi kavu karibu na bahari. Zilianza Sea Hawk, zikafuata Sea Harrier mwaka 1983, halafu MiG-29K. Pembeni kulijengwa hata mwinuko unaoiga sitaha ya manowari, ili marubani wajifunze kuruka kwa umbali mfupi kabla ya kwenda baharini. Desemba 2014 ndege ya Tejas iliyoundwa India kwa ajili ya wanamaji iliruka hapo kwa mara ya kwanza.

Wakati huohuo, tangu miaka ya 1980, Wazungu walikuwa wakimiminika kwa ndege za kukodi. Njia ya kurukia ilikuwa moja tu. Kwa miaka mingi asubuhi za siku za kazi zilikuwa za mafunzo ya kijeshi, hivyo ndege za kiraia zikarundikana mchana na usiku, na abiria wakabanana kumbini. Juni 2019 tangi la mafuta lilidondoka kutoka MiG-29K iliyokuwa ikiruka, moto ukawaka, na uwanja mzima ukafungwa kwa muda. Hakuna ratiba inayoweza kuondoa hatari ya namna hiyo.

Jibu la serikali limekuwa uwanja mwingine, Mopa, kaskazini mwa Goa, ulioanza kupokea ndege za abiria Januari 2023. Mwaka 2024 Qatar Airways ilihamia huko. Kusini, madereva wa teksi na wenye hoteli wanapinga uhamaji huo. Wanataka Dabolim ubaki na abiria wake, hata kama lazima waendelee kuwapisha wanamaji.