Rinoplastia

Rinoplastia (kutoka Kigiriki: rhis, "pua", na plassein, "kufinyanga") ni upasuaji wa kubadilisha umbo la pua. Hufanywa kwa ajili ya urembo, au kwa kurekebisha pua iliyovunjika ama inayopitisha hewa kwa shida. Mara nyingi sababu hizo huchanganyika.

Ni upasuaji wa kale. Kitabu cha tiba cha Uhindi, Sushruta Samhita, kinaeleza jinsi ya kutengeneza pua upya kwa ngozi ya shavu. Ule wa urembo ni wa juzi tu: mwaka 1898 mjini Berlin, daktari Jacques Joseph alipunguza pua ya mwanamume aliyeona haya kutoka nje.

Upasuaji

Kwa kawaida mgonjwa hupewa nusu kaputi, na kazi huchukua saa 1 hadi 3. Daktari hukata ndani ya tundu za pua, au huongeza mkato mdogo kwenye nyama inayozitenganisha, kisha huinua ngozi. Pua ikipunguzwa, mfupa na gegedu huchongwa. Ikiinuliwa, huongezwa gegedu lililotolewa kwenye ukuta wa ndani wa pua, sikioni au ubavuni.

Pua ikipunguzwa kupita kiasi, njia ya hewa hubana. Anayetazama picha tu husahau hilo, kumbe pua ni kiungo cha kupumulia kabla ya kuwa pambo la uso.

Baada ya upasuaji

Gango hukaa juu ya pua kwa wiki moja hivi. Macho huvimba na kuzungukwa na weusi kwa takriban wiki mbili, na kwa kuwa pua imeziba, mgonjwa hupumua kwa mdomo. Hatakiwi kupenga kamasi, wala miwani kuegemea pua kwa wiki kadhaa. Maumivu kwa kawaida hutulizwa na dawa.

Wengi huvunjika moyo gango likiondolewa, kwa sababu pua wanayoiona bado imevimba. Uvimbe mwingi hupungua katika miezi ya kwanza, lakini wa nchani huweza kudumu mwaka mzima, hasa kwa wenye ngozi nene. Ndiyo maana anayetaka kurekebishwa tena huambiwa asubiri mwaka hivi. Upasuaji wa pili ni mgumu zaidi: kuna makovu, na gegedu la kutumia limepungua.

Hatari nyingine ni kutokwa damu, maambukizi, ganzi, pua kupinda, na ukuta wa ndani kutoboka hata mtu akipumua pua hutoa mluzi. Uvutaji wa sigara huchelewesha kupona. Vijana hushauriwa kusubiri hadi pua imalize kukua, yaani miaka 15 au 16 kwa wasichana na baadaye kidogo kwa wavulana.